Handaki la barabara la Gotthard: mwamba ulitobolewa kwa baruti, lakini hewa ndiyo iliyolipa handaki umbo lake

#1 Mleta uzi

Ukifunua ramani ya Alps katikati ya Uswisi, utaona mistari miwili ya nukta ikipita chini ya mlima mmoja. Yote miwili huanzia kijiji cha Göschenen katika jimbo la Uri, na yote miwili hutokea Airolo katika jimbo la Ticino, ambako watu huzungumza Kiitaliano. Mstari wa kwanza ni handaki la reli lililofunguliwa mwaka 1882; umenyooka karibu wote kama kamba ya mwashi, na urefu wake ni kilometa 15. Mstari wa pili ni handaki la barabara kuu lililofunguliwa tarehe 5 Septemba 1980. Huo umepinda kuelekea magharibi mithili ya upinde, na kwa kupinda huko umefikia kilometa 16.9. Wahandisi wa barabara walikuwa na mfano wa reli mbele ya macho yao, tena walijua kwamba kila mita ya mwamba ni fedha na ni hatari, lakini walichagua kwa hiari yao kuchimba karibu kilometa mbili zaidi. Nimeleta uzi huu ili nieleze sababu yake, kwa kuwa katika mijadala yetu mingi kuhusu mahandaki tunahesabu baruti na mitambo, nayo hewa tunaisahau kabisa.

Niseme kwanza, kwa ufupi, kwa nini handaki lilihitajika. Barabara ya juu ya Gotthard hupita kwenye kilele cha mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, na theluji huifunga kwa miezi kadhaa kila mwaka. Kabla ya 1980, mwenye gari aliyetaka kuvuka majira ya baridi alilipandisha gari lake kwenye behewa huko Göschenen, likabebwa na treni hadi Airolo. Magari yalipoongezeka katika miaka ya 1950 na 1960, behewa hizo hazikutosha tena. Mwaka 1965 bunge la Uswisi liliamua handaki la barabara liingizwe katika mtandao wa barabara za taifa, na tarehe 5 Mei 1970 uchimbaji ukaanza. Kazi ilidumu miaka kumi, ikagharimu faranga milioni 686, na ikachukua maisha ya wafanyakazi 19.

Sasa turudi kwenye kupinda. Treni ya umeme haitoi moshi, na hata treni za makaa za zamani zilipita moja moja, zikafuatwa na muda wa mapumziko. Barabara haina mapumziko. Maelfu ya injini huingia kila siku, kila moja ikitoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni na kumlaza mtu bila yeye kujua. Injini za dizeli huongeza masizi yanayoziba macho ya dereva. Katika handaki fupi, mwendo wa magari yenyewe huisukuma hewa chafu hadi nje. Katika kilometa 17, tena magari yakipishana kwa pande mbili ndani ya tundu moja na hivyo kila upande ukiipinga hewa ya mwenzake, msukumo huo haupo. Hewa lazima iletwe, na iliyochafuka lazima iondolewe.

Tatizo hilo lilikwisha kutatuliwa kwingine. Handaki la Holland, linalopita chini ya mto Hudson kuingia jiji la New York, lilifunguliwa Novemba 1927 likiwa na feni 84. Kabla ya hapo wataalamu wa Marekani waliwaweka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale waliojitolea ndani ya chumba chenye gesi ya magari, wapime ni kiasi gani mtu anaweza kukivuta bila madhara, kisha wakaendesha magari ndani ya mgodi wa majaribio huko Pennsylvania. Matokeo yalikuwa mpango ambao hewa safi huingia kwa chini ya barabara, iliyochafuka hutolewa kwa juu ya dari, na handaki zima hubadilishiwa hewa kila baada ya sekunde 90. Clifford Holland, mhandisi ambaye handaki lilipewa jina lake, alifariki mwaka 1924 kabla ya kuliona likikamilika, na suala la hewa likamaliziwa na Ole Singstad.

Hata hivyo, Holland ina urefu usiofika kilometa tatu, na minara ya feni inaweza kusimamishwa ukingoni mwa mto. Chini ya Alps utaiweka wapi minara hiyo? Njia pekee ni kuchimba madohani kutoka handakini hadi juu ya mlima, na hapo ndipo mstari ulionyooka unapokuwa adui, kwa sababu mahali pengine mwamba ulio juu ya kichwa chako unazidi kilometa moja. Wahandisi wa Gotthard kwa hiyo waliufuata mlima unapobonyea. Barabara ya zamani ya juu tayari ilikuwa imetafuta mabonde, kama wapitaji wote walivyofanya tangu enzi za nyumbu na mizigo. Handaki likafuata njia hiyohiyo kwa chini, ili madohani manne yatoboke mahali ambapo mwamba ni mwembamba zaidi. Ukiongeza mitambo ya kwenye milango miwili, unapata vituo sita vya feni: Göschenen, Bäzberg, Hospental, Guspisbach, Motto di Dentro na Airolo. Yaani kilometa mbili za ziada zilinunuliwa ili madohani yawe mafupi. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika mradi huo, nao hauonekani kwa mtu anayepita ndani kwa dakika kumi na tano.

Msafiri huyo huona barabara ya njia mbili na dari tambarare. Haoni kwamba juu ya dari hiyo kuna uwazi mkubwa uliogawanywa na ukuta: upande mmoja hewa safi inaletwa, upande wa pili hewa chafu inaondoka. Tena haoni kwamba sambamba na handaki kuna handaki jingine dogo la usalama, na kwamba kila baada ya mita 250 upo mlango wa kuingia kwenye chumba cha kujihifadhi chenye hewa iliyosukumwa kwa nguvu ili moshi usiingie. Nitarudi kwenye vyumba hivyo baadaye, maana vimeokoa watu.

#2 Fundi Mchundo

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo haya. Mimi nimefanya kazi machimboni na ningependa kujua upande wa uchimbaji wenyewe. Je, walitumia mashine ya kutoboa kwa duara au walilipua kwa baruti? Na waliwezaje kukutana katikati ikiwa handaki lenyewe limepinda?

#3 Mleta uzi

Mkuu, walilipua. Mzunguko unaufahamu vizuri kuliko mimi: kutoboa matundu usoni mwa mwamba, kuyajaza baruti, kulipua, kusubiri feni ziondoe moshi, kung'oa mawe yanayoning'inia, kuzoa kifusi, kuushika mwamba kwa vyuma na zege la kunyunyiza, kisha kupima na kuanza tena. Handaki lilichimbwa kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, na timu hizo zikakutana Desemba 1976. Kutoka hapo hadi kufunguliwa ilipita karibu miaka minne, na muda huo ulikwenda kwenye zege, dari, feni, nyaya na taa.

Lile handaki dogo la usalama halikungoja kubwa limalizike. Lilitangulizwa mbele, likawa kama mjumbe wa kupeleleza: lilionyesha mahali penye maji na mahali penye mwamba uliovunjikavunjika kabla handaki kubwa halijafika. Gotthard haina mwamba wa aina moja. Kaskazini kuna graniti ngumu ya kundi la milima la Aar, kusini kuna graniti na nisi (mwamba mgumu wenye mistari) za kundi la milima la Gotthard lenyewe, na katikati yake, chini ya bonde la Urseren, umebanwa ukanda wa miamba laini ambao wachimbaji wa reli waliujua kwa uchungu karne iliyotangulia. Ulivimba na kuzisukuma kuta zao ndani mara baada ya kujengwa, zikajengwa upya kwa mawe mazito zaidi.

Kuhusu kukutana: kupinda hakuwi kikwazo ikiwa mtandao wa vipimo vya pembetatu juu ya milima ni sahihi, kwa sababu kila upande huchimba kwa kufuata namba na wala si kwa kumlenga mwenzake. Wale wa reli, mwaka 1880, waliokuwa na darubini za kupimia na timazi tu, walikosana kwa sentimeta 33 kwa ubavu na sentimeta 5 kwa kimo. Mkandarasi wao, Louis Favre wa Geneva, hakuliona tukio hilo; alikuwa amefia humohumo handakini Julai 1879, akiwa katika ukaguzi.

Jambo jingine ambalo fundi utalipenda: handaki halikai sawa. Mlango wa Göschenen uko kwenye mita zipatazo 1,080, ule wa Airolo kwenye 1,145, na katikati handaki hupanda hadi 1,175. Kwa hiyo maji ya mlimani hujitiririkia yenyewe kuelekea pande zote mbili, na wakati wa uchimbaji hakuna timu iliyofanya kazi ndani ya dimbwi.

#4 Dereva wa Masafa

Habari zenu wakuu. Mimi nimepita hapo mara nyingi nikiwa na lori la tani 40, miaka niliyoishi Ujerumani. Mleta uzi amelisifia handaki hili kana kwamba ni kamilifu, lakini atuambie ukweli wote. Ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, bila ukuta katikati, kwa kilometa 17. Lori la mbele yako likiyumba kidogo, unakutana nalo uso kwa uso. Tulikuwa tukisimamishwa Erstfeld, kaskazini mwa handaki, tunakaguliwa, kisha tunaachiliwa mojamoja kama matone. Nakumbuka nilisubiri saa tatu ili nipite dakika kumi na tano. Mambo hayo hayakuanza bure. Yalianza baada ya watu kufa.

#5 Mleta uzi

Umesema kweli mkuu, na sikukusudia kulificha. Asubuhi ya tarehe 24 Oktoba 2001, malori mawili yaligongana karibu na upande wa Airolo. Moja lilikuwa limebeba matairi. Moto ulizuka na watu 11 wakafa, wengi wao si kwa moto bali kwa moshi. Handaki lilifungwa kwa takriban miezi miwili, hadi Desemba 21.

Moshi una tabia ambayo kila anayepita handakini angepaswa kuijua. Ukiwa wa moto hupanda na kutanda darini, na kwa muda mfupi chini yake hubaki hewa ambayo mtu anaweza kuivuta na kuona mbele. Ukisafiri mita mia kadhaa hupoa, na ukipoa hushuka hadi barabarani. Hapo giza huwa kamili na pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu. Kwa sababu hiyo aliye mbali kidogo na moto anaweza kufa kabla ya aliye karibu, naye hufa akiwa ameketi ndani ya gari, akiamini kwamba kioo kilichofungwa kinamlinda. Ongeza upepo: Alps hutenganisha hali mbili za hewa, na upepo wa joto uitwao föhn unapovuma, kanieneo ya kusini na ya kaskazini hutofautiana kiasi cha kuufanya moshi ukimbilie upande mmoja hata kama feni zinasukuma kwingine.

Kulinganisha kwenyewe kunafundisha. Miaka miwili kabla yake, tarehe 24 Machi 1999, lori lililobeba siagi ya mimea na unga liliwaka moto ndani ya handaki la Mont Blanc, kilometa 11.6 kati ya Ufaransa na Italia, lililofunguliwa mwaka 1965. Moto uliwaka saa 53 na watu 39 wakafa. Mont Blanc ilikuwa na njia mbili vilevile, na dari nene ya mwamba juu yake haikuruhusu dohani la kati, kwa hiyo hewa yote iliingia na kutoka kwa milango miwili tu, kupitia mifereji iliyo chini ya barabara. Haikuwa na handaki la usalama la kutembea sambamba. Tena uendeshaji ulikuwa umegawanywa kati ya kampuni mbili, ya Kifaransa na ya Kiitaliano, kila moja na chumba chake cha kuongozea, na hewa safi iliyosukumwa kutoka upande mmoja ikaulisha moto na kuwafukuzia moshi waliokuwa upande wa pili. Pierlucio Tinazzi, mlinzi wa upande wa Italia, aliingia na pikipiki yake kutafuta watu, naye akafia humo.

Gotthard ilikuwa na milango kila mita 250 na njia ya pembeni ya kutokea, na waliokimbilia huko mapema walitoka hai. Sisemi kwamba vifo 11 ni vichache. Ninasema kwamba uamuzi wa mwaka 1970 wa kuchimba handaki dogo pembeni, ambalo mhasibu yeyote angeliita anasa, ulilipwa siku hiyo.

Hayo matone unayoyakumbuka yalianza baada ya hapo. Malori huachiliwa kati ya 60 na 150 kwa saa kwa kila upande, kulingana na wingi wa magari madogo, na kila lori hutakiwa kuacha mita 150 kati yake na lililo mbele. Dari ilibadilishwa pia: badala ya kunyonya hewa kidogokidogo kwa urefu wote, sasa iko milango inayofunguka pale tu moto ulipo, na moshi wote huvutwa hapo kwa nguvu. Baadaye ikawekwa mitambo ya kupima joto la malori kabla hayajaingia, ili breki au turbo iliyopata moto kupita kiasi igunduliwe nje.

#6 Mpenda Takwimu

Nina swali moja, na ninaomba lisichukuliwe kama ubishi. Ikiwa hatari inajulikana kiasi hicho, kwa nini Uswisi, nchi tajiri, iliacha magari yapishane ndani ya tundu moja kwa zaidi ya miaka 40? Austria na Italia zimejenga mahandaki pacha. Je, ni ubahili?

#7 Mleta uzi

Si ubahili, ni kura. Handaki la pili lilifikiriwa tangu mwanzo, lakini watu wa mabonde yale hawakulitaka. Jimbo la Uri ni bonde jembamba; kelele na moshi wa malori hukaa humo kama moshi wa jikoni lisilo na dirisha. Februari 1994 wananchi wa Uswisi walipiga kura wakaipitisha, kwa asilimia 51.9, ibara ya katiba inayokataza kuongeza uwezo wa barabara za kuvukia Alps, na kuagiza mizigo inayopita nchi kwa nchi ihamie kwenye reli. Mwaka 2004, yaani baada ya ule moto, waliulizwa tena katika pendekezo ambalo lingefungua njia ya handaki la pili, na karibu asilimia 63 wakakataa. Wakati huohuo walikuwa wakichimba handaki la reli la chini kabisa, kilometa 57, lililofunguliwa tarehe 1 Juni 2016, na tangu 2001 kila lori zito linatozwa kwa kilometa ili fedha hizo zisaidie kulipia reli. Kwa hiyo usiwaone kama watu waliosahau. Walichagua wapi pa kuweka fedha, na walichagua kwa kujua.

Kilichowalazimisha kubadili ni umri wa handaki lenyewe. Zege, dari na nyaya za mwaka 1980 zinahitaji ukarabati mkubwa, ambao hauwezekani magari yakipita. Kulifunga kwa miaka kadhaa kungeitenga Ticino na sehemu nyingine za Uswisi kila majira ya baridi. Serikali ikapendekeza lichimbwe tundu la pili, magari yahamie humo, la kwanza likarabatiwe, kisha yote mawili yatumike. Na tarehe 28 Februari 2016 asilimia 57 wakakubali. Katiba ilibaki palepale. Yakishakamilika yote mawili, kila tundu litatumia njia moja tu ya kupitia, na njia ya pili itakuwa ya dharura. Watachimba barabara ya njia nne, kisha watumie mbili. Nimesoma watu wakiucheka uamuzi huo. Mimi siucheki, kwa sababu kinachonunuliwa hapo ni kuondoa migongano ya uso kwa uso na kuipa hewa mwelekeo mmoja. Magari yote yakienda upande mmoja, yanaisukuma hewa pamoja nayo, na moto ukizuka, walio mbele yake wanaendelea kutoka huku moshi ukiwafuata badala ya kuwakabili walioko nyuma. Wapinzani nao wana hoja nzito: njia iliyokwisha kujengwa ni kishawishi, na ibara ya katiba inaweza kubadilishwa na kura nyingine.

Kazi za maandalizi zilianza mwaka 2021. Safari hii wanatumia mashine kubwa za kutoboa zenye kipenyo cha zaidi ya mita 12, mojamoja kutoka kila upande, na kanda mbovu za mwamba zinashughulikiwa kwa baruti kabla mashine hazijafika. Sehemu ya kifusi itatumika kuifunika barabara kuu katika bonde la Airolo, ili kijiji kipate tena uwanda wake.

Kama kuna aliyedhani ukarabati ni kisingizio, tarehe 10 Septemba 2023 vipande vya zege vilianguka barabarani kutoka kwenye dari iliyopasuka kwa urefu wa mita 25. Hiyo ndiyo dari ileile niliyoitaja, sakafu ya mifereji ya hewa. Handaki lilifungwa kwa siku tano, na magari yakapanda barabara ya juu ya zamani, ambayo kwa bahati ilikuwa bado haina theluji.

#8 Mwana Iringa

Wakuu, nimesoma uzi wote kwa makini. Mimi ni wa Iringa, na kila nikikwama kwenye mlima wa Kitonga, barabara kuu ya kupandia Iringa, nyuma ya lori lililokatika breki huwa ninasema: wenzetu wametoboa milima, sisi tunazunguka kona. Je, haiwezekani handaki likachimbwa Kitonga na tatizo likaisha?

#9 Mleta uzi

Ndugu yangu, foleni ya Kitonga ninaifahamu, na ninakuonea huruma. Lakini angalia umbo la ardhi kabla ya kuangalia bajeti. Gotthard ni ukuta wenye pande mbili: unaingia kwenye bonde, unatokea kwenye bonde, na milango yote miwili iko karibu kimo kimoja. Kitonga ni ngazi. Unatoka bondeni upande wa Ruaha Mbuyuni na unapanda kwenda uwanda wa juu wa Iringa. Hakuna bonde la upande wa pili la kutokea. Handaki la hapo lisingekuwa na kazi ya kupenya, lingekuwa na kazi ya kupanda, na handaki linalopanda sana ndilo baya kuliko yote. Lori lenye mzigo likipanda hutoa moshi mwingi zaidi, likishuka huchemsha breki, na moto ukizuka, handaki lenye mteremko hugeuka dohani. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu usalama wa mahandaki, iliyotungwa baada ya mioto hiyo, hairuhusu handaki jipya kuwa na mwinuko wa zaidi ya asilimia 5 isipokuwa hakuna njia nyingine kabisa. Kitonga inahitaji upana, njia ya kupishia na sehemu za kukwepea kwa lori lililopoteza breki, na hivyo vyote hujengwa juu ya ardhi.

Mahandaki tunayo, tena mazuri. Reli ya kisasa inapita kwenye mahandaki manne katika milima ya Kilosa, jumla ya kilometa zipatazo 2.6. Lakini treni yake ni ya umeme na mahandaki ni mafupi, kwa hiyo suala la hewa ambalo limenifanya niandike kurasa hizi zote linakuwa dogo mno.

#10 Dereva wa Masafa

Mleta uzi, swali la mwisho. Nilikuwa nikipita pale nikijiuliza: likitokea la kutokea, nifanye nini na lori la tani 40? Siwezi kugeuza.

#11 Mleta uzi

Usigeuze, mkuu, hata ukiwa na gari dogo. Simama ubavuni ukiacha upenyo wa magari ya uokoaji, washa taa za hatari, zima injini, acha ufunguo palepale ulipo ili wazima moto waweze kulisogeza lori bila wewe. Usirudi kuchukua simu wala hati za mzigo. Taa na alama za ukutani zinaonyesha mlango ulio karibu uko upande gani na kwa mita ngapi. Pale Gotthard hautazidi mita 125 popote utakaposimama. Ingia, funga mlango nyuma yako, na utasikia feni.